Hata ukae mpaka Ijumaa

Kijiweni kwetu, chini ya mwarobaini, drafti inachezwa kwa vizibo vya soda. Vya upande mmoja vimelala chali, vya upande wa pili kifudifudi. Siku hiyo nilikuwa nimebanwa. Nimeshika kidevu nahesabu: nikisogea hapa ananila mbili, nikisogea pale ananila moja halafu anaingia kingi. Mzee niliyekuwa nacheza naye alinisubiri, akamaliza kikombe chake cha kahawa, akasubiri tena. Mwisho akasema, "Mwanangu, hata ukae mpaka Ijumaa, kete zako ni zilezile."

Ilikuwa Jumanne. Watu walicheka, nikafungwa, nikampisha mwingine kwenye benchi. Lakini njiani nikirudi nyumbani nilikuwa bado nabishana naye kichwani. Muda wa kufikiri unanunua nini hasa? Kwa binadamu ni vigumu kupima: leo kalala vizuri, kesho ana madeni. Kompyuta haina madeni. Unaipa sekunde tano kwa kila kete, halafu unaipa kumi, unaichezesha michezo mamia, unahesabu. Na mchezo ambao watu wamehesabu kwa bidii kuliko yote, pengine kwa sababu uliwatesa kuliko yote, ni Go.

Kwa asiyeujua: Go ni mchezo wa kale wa Wachina, wenyewe wanauita weiqi, Wakorea wanauita baduk, ila jina lililosambaa ni la Kijapani. Ubao una mistari 19 kwa 19, makutano 361. Unaweka kete moja kwenye makutano na haisogei tena. Kila kete ina pumzi, yaani makutano matupu yaliyoshikana nayo. Zikizibwa zote, kete inaliwa. Mwishoni aliyezungushia eneo kubwa ndiye mshindi. Sheria hizi unaweza kumfundisha mtoto kabla chai haijapoa, ila kucheza vizuri kunakula maisha.

Mimi niliingia Machi 2016, bingwa Lee Sedol wa Korea Kusini alipopambana na AlphaGo, programu ya kampuni ya DeepMind, hotelini Seoul. Michezo ilianza saa saba mchana kwao, saa moja asubuhi kwetu, kwa hiyo nilikunywa chai huku bando likiteketea. Sikuelewa hata nusu ya kilichokuwa kinaendelea ubaoni, nikawa naangalia saa tu. Kila upande ulipewa saa mbili, zikiisha unabaki kuhesabiwa dakika moja moja. Lee alikuwa anaukata muda wake vipande vikubwavikubwa, mashine inakwenda kwa mwendo karibu uleule. Nikajiuliza: je, ingepewa nusu ya muda huo, Lee angeifunga?

Jibu la kwanza la swali la namna hii halikutoka kwenye Go, lilitoka kwenye sataranji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, alikuwa na mashine ya sataranji iliyoitwa Belle, pale Bell Labs Marekani. Akaichezesha dhidi yake yenyewe: upande mmoja unaangalia hatua nne mbele, mwingine tano, kisha tano kwa sita, akaendelea kupanda. Kila mara aliyeona hatua moja zaidi alichukua karibu robo tatu ya michezo au zaidi. Kwa vipimo vya Elo hiyo ni kama alama 200 kwa kila hatua. (Elo ni rahisi: ukinizidi alama 100 utanifunga kama mara 64 katika michezo 100, ukinizidi 200 utanifunga mara 76.) Kwa hiyo kwenye sataranji muda ulikuwa na bei inayojulikana. Unanunua prosesa ya kasi zaidi, unapata alama zako. Watu wa Deep Blue, kompyuta ya sataranji ya IBM, walinunua nyingi sana, na mwaka 1997 bingwa wa dunia Kasparov akafungwa.

Kwenye Go duka hilo lilikuwa limefungwa.

Kawaida watu hutaja wingi wa chaguo: sataranji ina kama hatua 35 unazoweza kuchukua kila zamu, Go ina kama 250. Ni kweli, ila naona hilo si kiini. Kiini ni kwamba kwenye sataranji ukihesabu tu vipande vilivyobaki, umeshapata picha ya nani yuko juu. Kwenye Go kete zote ni sawa, na kundi la kete kumi linaweza kuwa limeshakufa huku bado limekaa ubaoni limetulia kama kwamba hakuna kitu. Ukiangalia hatua tano mbele, unafika mahali ambapo bado hujui kama ni pazuri au pabaya. Kuona mbali hakukusaidii kama hujui unachokiona.

Kwa hiyo programu za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kama Many Faces of Go ya David Fotland, Handtalk ya Chen Zhixing, na GNU Go iliyokuwa ya bure, zilijengwa kwa maarifa yaliyoandikwa kwa mkono: umbo hili ni zuri, kundi lenye macho mawili, yaani matundu mawili tupu ndani yake, halifi, kona kabla ya pembeni. Zilikuwa na ngazi za kufikiri, lakini ukipandisha ngazi ya GNU Go unachopata zaidi ni kuchelewa. Nimeijaribu mwenyewe. Inafikiri weee, halafu inaweka kete ileile. Yule mzee wa drafti angeielewa mara moja.

Ndiyo maana nasema mwaka 2006 ni mkubwa kuliko 2016. Najua wengi watanikatalia. Lakini 2016 ndipo kompyuta ilipomshinda bingwa. 2006 ndipo ilipojifunza kuutumia muda.

Mbegu ilikuwa imepandwa mwaka 1993 na mwanafizikia Bernd Brügmann. Wazo lake linaonekana la kijinga. Hujui kama nafasi hii ni nzuri? Basi icheze mpaka mwisho hovyohovyo, kete popote panaporuhusiwa, uone nani kashinda. Kisha rudia. Na rudia tena, mara elfu. Mchezo mmoja wa hovyo haukwambii kitu, lakini wastani wa maelfu unakwambia upepo unavuma wapi. Mwaka 2006 Rémi Coulom huko Ufaransa aliunganisha wastani huo na mti wa hatua unaoota taratibu, akatoa programu ya Crazy Stone iliyotwaa dhahabu ya ubao mdogo wa 9 kwa 9 kwenye Olimpiadi ya Kompyuta mjini Turin. Mwaka huohuo Levente Kocsis na Csaba Szepesvári walitoa kanuni ya kuchagua tawi la kulijaribu tena. Ni kama mvuvi: anarudi zaidi kwenye mwamba uliompa samaki jana, lakini hasahau kutupa ndoana mara mojamoja kwenye ule aliokuwa hajauonja vizuri. Muda mfupi baadaye ikaja MoGo ya akina Sylvain Gelly, nayo ya Ufaransa.

Hapo ndipo duka likafunguliwa. Programu ya namna hii unaweza kuikatiza sekunde yoyote ikupe jibu lake bora la wakati huo, na ukiiacha iendelee, jibu linazidi kuwa zuri. Waliopima walikuta kwamba ukizidisha muda mara mbili, yenye muda mwingi inaifunga yenye muda mchache zaidi ya mara 60 katika michezo 100. Hiyo ni kama alama 70 hadi 100 za Elo kila unapozidisha. Don Dailey, aliyeanzisha sava ambako programu hizi zilikuwa zikipigana usiku na mchana, aliendesha majaribio ya kuzidisha, na kuzidisha, na kuzidisha tena, na mstari ukaendelea kupanda.

Angalia lakini bei yake. Kila alama 100 mpya zinataka muda maradufu ya zile zilizopita. Sekunde moja, mbili, nne, nane. Ukishapanda ngazi kumi, sekunde moja imekuwa dakika 17. Ngazi kumi nyingine, siku 12 kwa kete moja. Mstari unapanda ukiuchora kwa kuzidisha. Ukiuchora kwa saa ya ukutani, unalala.

Kwa hiyo watu wakatafuta mashine kubwa badala ya saa ndefu. Agosti 2008, kwenye kongamano la Go la Marekani mjini Portland, MoGo ilicheza na Kim MyungWan, mtaalamu wa dan 8 (dan ni daraja la wachezaji). Programu ilikuwa inafikiria Amsterdam, kwenye kompyuta kuu ya Huygens, prosesa 800 kwa pamoja, na ilitanguliziwa kete tisa, yaani zilikuwa tayari ubaoni mchezo ulipoanza. Ilishinda kwa pointi moja na nusu. Kete tisa ni nyingi. Ni kama kumpa mtu mbio za mita mia atangulie hadi katikati. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa programu kumshinda mtaalamu wa kiwango hicho kwenye ubao kamili kwa tofauti hiyo, na watu wakaanza kuchukua rula kuurefusha ule mstari. Ikiwa prosesa 800 zinashinda kwa kutanguliziwa kete tisa, basi kompyuta zikizidi kasi kwa miaka kadhaa...

Rula zilidanganya, na namna zilivyodanganya ndiyo sehemu ninayoipenda.

Chukua makundi mawili kwenye kona, jeusi na jeupe, yamekabana, hakuna lenye macho mawili. Jeusi lina pumzi tano, jeupe nne, zamu ni ya mweupe. Mweupe anaziba moja, zinabaki nne. Mweusi anaziba moja, zinabaki tatu. Nne inakuwa tatu, tatu inakuwa mbili. Fuata kwa kidole mpaka mwisho. Mweusi anamla mweupe, pumzi moja kabla hajaliwa yeye. Mtoto aliyejifunza wiki mbili anaona: mweupe kafa. Sasa ipe programu ya 2008 nafasi hiyohiyo. Katika michezo yake ya hovyo, mweusi anasahau kuziba, anakwenda kucheza kona nyingine. Mara mweupe anashinda, mara mweusi. Inahesabu michezo elfu kumi na kukwambia mambo ni nusu kwa nusu. Ukiizidishia muda, mti wake unaanza kuona mfuatano sahihi, lakini mweupe naye anagundua kwamba anaweza kutishia kitu upande mwingine, mweusi akajibu, akatishia tena, na kifo chake kinasogezwa kila mara nje ya mti. Muda unaoongeza unaliwa wote na kuahirisha.

Mwaka 2013 Shih-Chieh Huang na Martin Müller wa Chuo Kikuu cha Alberta walionyesha nafasi za aina hii ambazo programu kali za wakati ule zilizama hata zikiongezewa majaribio. Wanaojua Go wamekwisha kumtambua Huang: wenzake wanamwita Aja, na ndiye aliyekaa mbele ya Lee Sedol mwaka 2016 akiweka kete kwa niaba ya AlphaGo. Alikwenda kufanya kazi kwenye dawa ya ugonjwa aliousoma.

Kuna udanganyifu mwingine wa rula. Zile 60 na kitu katika 100 zilipatikana kwa kuichezesha programu na ndugu yake, ambaye ana upofu uleule wa kwenye kona. Ndugu hawezi kukuadhibu kwa kosa asiloliona. Mtaalamu wa kibinadamu anaweza. Ndiyo maana alama zilizoonekana tamu maabara zilipungua mbele ya watu.

AlphaGo ilipunguza tatizo hilo kwa kubadilisha kinachofikiri, si muda wa kufikiri. Mtandao wa neva uliolishwa michezo ya wachezaji wazuri ukawa unapendekeza kete, mwingine ukawa unasema nani yuko juu, na mti ukaota juu ya macho hayo mapya. Takwimu walizochapisha Januari 2016 zina jambo ambalo sijaona likizungumzwa sana. Toleo la mashine moja lilikuwa na prosesa 48 na kadi 8 za picha. Toleo la mashine nyingi lilikuwa na prosesa 1,202 na kadi 176. Kubwa lilimfunga dogo mara 77 katika 100. Piga hesabu mwenyewe: kadi zimezidi mara 22, yaani kuzidisha mara mbili kama mara nne na nusu, na ushindi wa 77 ni kama alama 210. Kila kuzidisha kumeleta chini ya alama 50. Ni karibu nusu ya kile MoGo ilichokuwa inapata. Sehemu ya hasara ni kwamba kugawa kazi kwa mashine nyingi kunapoteza, hilo halina ubishi. Lakini pia anayeona vizuri kwa mtazamo wa kwanza ana machache ya kununua kwa mtazamo wa pili.

Au nilidhani hivyo, mpaka AlphaGo Zero ilipotoka Oktoba 2017. Hii haikulishwa mchezo hata mmoja wa binadamu, ilijifunza kwa kucheza yenyewe. Walipima mtandao wake peke yake, bila kufikiri hata kidogo, unatazama ubao na kuweka kete: alama 3,055. Ile AlphaGo nzima iliyomfunga Fan Hui, bingwa wa Ulaya, 5 kwa 0 mwaka 2015, ilikuwa na 3,144. Yaani kutupa jicho tu kulikuwa karibu sawa na mashine nzima ya miaka miwili nyuma. Kisha walipoiruhusu ifikiri sekunde tano kwa kete, 5,185. Zaidi ya alama elfu mbili ndani ya sekunde tano! Ziliimarishwa kidogo na lile jambo la ndugu, sawa, lakini hata ukizikata nusu ni pengo la kutisha. Nilisoma jedwali lile nikiwa ndani ya daladala nikapitiliza kituo.

Mwaka 2021 Andy Jones aliifanyia hesabu kamili biashara hii kwa mchezo mwingine wa ubao, Hex. Alikuta kwamba ukiongeza nguvu ya kufundishia mara kumi, unaweza kupunguza nguvu ya kufikiri wakati wa mchezo kama mara 15 na ukabaki na uwezo uleule. Mafunzo na muda vinabadilishana kama shilingi na dola, na kiwango kinajulikana.

Nikataka kuona kwa macho yangu. KataGo ya David Wu, iliyotoka 2019, ni ya bure na inakubali hata laptopu yangu isiyo na kadi ya picha, ingawa feni inalia kama mashine ya kusaga. Niliipanga icheze na nafsi yake usiku kucha: upande mmoja uangalie nafasi 50 kwa kila kete, mwingine 100. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa nane na betri yangu ni ya mapambo. Usiku wa pili ilifika asubuhi, na wa 100 alikuwa mbele waziwazi. Nikapandisha, 400 kwa 800, na hapo ndipo nilipojifunza uvumilivu: pengo likawa dogo kiasi kwamba michezo michache ya usiku mmoja haikutosha kuniambia kama ni uwezo au bahati. Ukitaka kutofautisha 55 na 50 katika 100 unahitaji mamia ya michezo. Mke wangu aliuliza kama hiyo mashine inalipwa.

Katika kuchunguza michezo yangu mwenyewe kwa KataGo niligundua jambo lililoniuma. Kete zangu mbovu kuliko zote si zile nilizoweka haraka. Ni zile nilizozifikiria dakika kumi, nikihesabu kwa makini vita ya kona moja wakati mchezo umeshahamia kwingine.

Na KataGo yenyewe ina kona yake. Watafiti, akina Tony Wang na Adam Gleave, waliifundisha programu nyingine isiyojua Go vizuri, kazi yake moja tu: kutafuta inapopofuka KataGo. Ikapata. Unaiacha izungushe kundi lako, kisha wewe unazungushia kundi lake hilo, mduara nje ya mduara. Kundi lenye umbo la pete linaichanganya. Linaonekana kwake halifi. Programu hiyo dhaifu iliifunga KataGo zaidi ya mara 97 katika 100, KataGo ikiwa kwenye kiwango kinachomzidi binadamu yeyote. Waliongeza muda wa kufikiri hadi mamilioni ya nafasi kwa kete, na bado ilikuwa inafungwa. Februari 2023 Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, alijifunza mbinu hiyo na kushinda michezo 14 kati ya 15 bila msaada wa kompyuta. Ilinikumbusha Jumapili ile ya tarehe 13 Machi 2016, Lee Sedol alipoweka kete ya 78 na AlphaGo ikajibu vibaya kwa kete ya 79. Demis Hassabis, mkuu wa DeepMind, alisema baadaye kwamba mashine ilikuja kugundua kosa lake kwenye kete ya 87 hivi. Muda ilikuwa nao wote huo.

Mitandao mipya ya KataGo imeshafundishwa kuhusu pete, kwa hiyo nilipakua wa zamani, wa kabla ya watu kujua. Nikapanga nafasi ya pete kwa mkono, kete kwa kete, nikabakiza chache kabla ya kuikaba, nikaiambia ifikiri bila kikomo. Nikaenda kula. Wali maharage, mazungumzo, kuosha vyombo. Niliporudi feni ilikuwa inalia, namba ya nafasi ilizochunguza imekuwa ndefu, na asilimia ya ushindi wake bado iko kwenye tisini na kitu, imetulia kabisa.

Nikasogeza kiti. Nikaweka kete yangu, ikaweka yake sehemu isiyohusika. Nikaweka nyingine. Zilipobaki pumzi mbili, namba ikaanza kuporomoka kwenye kioo, themanini, hamsini, kumi na mbili, na feni ikazidi kulia.